Akiba ya Mshono

Jumamosi ilikuwa ya picha na makofi.
Mwalimu Lusajo alitupanga kwenye nyasi za Iyunga,
akatugawia fulana, akasoma kilo zetu kwa sauti
kama matokeo ya darasa la saba.
Tisa zangu zilipigiwa vigelegele.
Wiki kumi na mbili zimeisha, akasema,
sasa nendeni mkaishi.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri simu ikalia.
Nikaizima, nikaketi kitandani na raba mkononi.
Ukungu wa Juni umelalia mabati,
Loleza haionekani hata nyayo,
na pale kona hakuna anayenisubiri,
hakuna filimbi,
hakuna atakayejua.
Mwanzo mgumu, tuliambiwa tangu utotoni.
Siku inayofuata mwisho haina methali.

Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa,
kibanda cha pili ukitokea kwa wauza viazi.
Miaka ishirini nimezungusha futi viunoni mwa watu
na jambo moja nalijua:
kila mtu huvuta tumbo ndani futi ikimgusa.
Bibi harusi, mzee wa kanisa, hata askari.
Husubiri niandike namba, ndipo wapumue.
Nguo hushonwa kwa kiuno cha kukopa,
vifungo vikalipa deni mbele ya kadamnasi.

Gauni zangu sita nilizipunguza mwenyewe,
sentimita nne kila upande.
Kilichozidi sikukikata.
Kimekunjwa humo ndani, kinanikwaruza mbavu
nikiinama kutunga uzi.
Atupele, ninayemfundisha kazi, aliuliza:
Mama, tukate?
Nikamwambia mkasi ni butu.
Ulikuwa umenolewa jana yake.

Julai nilishuka Tukuyu kumwona mama.
Akanishika mashavu kwa vidole vyenye majivu.
"Tusekile, unaumwa nini ambacho hutaki kuniambia?"
Maana kwetu mwili ukipungua
watu huanza kuhesabu vidonge.
Akanipikia ndizi kwa maziwa,
akakaa pembeni kuzisindikiza kwa macho.
Sahani ya kwanza niliila kwa njaa,
ya pili kwa ajili yake,
ya tatu, niseme kweli, kwa utamu.

Kisha msiba wa shemeji kule Kyela,
siku tano za wali unaonukia hadi barabarani.
Kisha mafua.
Kisha uvivu mtupu usio na kisingizio.
Kidogo kidogo hujaza kibaba,
na kibaba ndicho nilichokuwa nimekimwaga.

Zipu ya gauni la bluu ndiyo iliyosema kwanza.
Ilifika katikati ya mgongo, ikasimama
kama mtu aliyekumbuka kitu.

Sikulia. Sikumpigia Lusajo.
Usiku ule nilichemsha maharage, nikakaanga figiri,
ugali nikaupima kwa bakuli la mtoto,
nikala polepole, redio imezimwa.
Asubuhi nikapanda kwa miguu kuelekea Itiji,
nusu natembea, nusu najikokota.
Mama mmoja mwenye gunia la mkaa kichwani
alinipita kwenye mwinuko.
"Ugonile," akasema, wala hahemi.

Sasa ni Septemba, vumbi limechukua zamu ya ukungu.
Napanda siku tatu kwa wiki, nyingine mbili,
kuna wiki niliyopanda mara moja
na ile moja nikaihesabu.
Chai yangu ina kijiko kimoja;
Jumapili viwili, na sijifichi.

Jana jioni, kibanda kikiwa kitupu,
nilizungusha futi kiunoni mwangu.
Tumbo likajivuta lenyewe, kwa mazoea.
Nikalingoja.
Likachoka, likashuka.
Nikasoma namba ya pumzi iliyotoka,
nikaiandika ukutani kwa chaki
kati ya madeni ya wateja.
Kisha nikalifumua gauni la bluu sentimita moja,
moja tu,
tatu nikaziacha zimelala kwenye mkunjo wake,
na mkasi nikampa Atupele
akakatie kola za watu.